Watoto wa Msitu

Sisi wa Luvungi hatuna msitu. Tuna tambarare ya Ruzizi, jua kali, vichaka vya miiba, mashamba ya mpunga na mihogo. Lakini makala tunayopikia na mbao za milango yetu hutoka milimani, na maji ya mifereji yetu hushuka kutoka huko huko. Kwa wauza makala nasikia mara nyingi neno hili: mti ukikatwa, wadogo watainuka. Wengi husema hivyo kwa nia njema kabisa. Neno hilo ni kweli nusu, na inafaa tulichungue, maana nusu ile nyingine ina gharama kubwa.

Ndugu msomaji, ukiingia katika msitu mnene usitazame juu tu, kama wafanyavyo wageni wote. Inama. Kati ya majani makavu utaona vijiti vyembamba, vyenye majani mawili au matano, havifiki hata magotini. Hao ndio watoto wa msitu. Mtu huwakanyaga akidhani ni magugu. Kumbe mche ulio mfupi kama kiganja waweza kuwa na umri wa miaka 10 na zaidi! Mwanga unaofika pale chini ni kama sehemu moja au mbili tu kati ya 100 za ule unaopiga vilele. Kwa chakula kidogo namna hiyo mche hauwezi kukua. Hukaa tu, ukingoja mti mkubwa uanguke na jua lishuke.

Kwa nini basi mbegu zisingoje udongoni? Mama zetu wanalijua jibu. Maharagwe huwekwa chunguni hadi msimu ujao, nayo huota vizuri. Lakini iache kokwa ya avoka ikauke mwezi mzima, kisha uipande: imekwisha kufa. Miti mingi ya kivuli ina tabia ya avoka. Mbegu yake ina maji mengi, haina budi kuota mara au kuoza. Kwa hiyo akiba yake haimo udongoni. Akiba ni ile miche hai. Ipo pia miti yenye tabia ya maharagwe, kama Musanga wa mabonde ya Kongo, wenye majani kama mwavuli. Mbegu zake hulala udongoni miaka, huamka jua likipiga, hupanda upesi, na mti wenyewe hauishi sana.

Miche hii haikai ovyo. Mwaka 1938 bwana misitu wa Kifaransa, André Aubréville, aliandika juu ya misitu ya Côte d'Ivoire jambo lililomshangaza: chini ya miti mikubwa hakuona watoto wa miti ile ile, ila wa aina nyingine. Baadaye Daniel Janzen mwaka 1970, na Joseph Connell mwaka 1971, walitoa sababu inayofanana. Mama ana wadudu wake na ukungu wake. Yeye anawavumilia, lakini wakishuka juu ya watoto waliosongamana chini yake, huwamaliza. Anayepona ni yule aliyebebwa mbali na ndege, nyani au tembo. Mkulima wa mihogo hatashangaa: ugonjwa ukiingia katika shamba la mbegu moja, huruka shina hadi shina.

Lakini Kongo yetu ina mti usiotii kawaida hiyo. Ni mbau wa Ituri, ambao wataalamu huuita Gilbertiodendron dewevrei. Mbegu zake ni nzito, huanguka karibu na mama, na watoto wake huvumilia kivuli kizito hata mahali pengine msitu karibu wote ni mbau. Mizizi yake hushirikiana na ukungu wa namna nyingine, usioua bali unaolisha. Mwaka 1994 Terese Hart na wenzake walianza huko kazi ya kupima hekta 40, mti kwa mti, hata ulio mwembamba wa sentimita moja. Kazi ya subira hiyo! Mimi naiheshimu kuliko safari nyingi za kupanda vilele.

Karibu nasi ni Kahuzi-Biega, iliyofanywa mbuga ya taifa mwaka 1970. Huko juu tembo waliuawa karibu wote katika vita vilivyoanza mwaka 1996, na pamoja nao wakapotea wabebaji wa mbegu kubwa. Tena mtambaa mmoja, Sericostachys scandens, umeenea sana. Hupanda juu ya miti, hufunika uwazi wote, na miche iliyo chini yake hukosa hata ule mwanga wake mdogo.

Sasa turudi kwa mwuza makala. Mti mmoja ukianguka kwa upepo, wadogo huinuka kweli. Lakini mtu akikata kilima kizima, akachoma moto, akalima misimu mitatu, miche iliyongoja miaka imekwisha, na mama wa kuzaa mingine hayupo. Yatakayoota ni ya tabia ya maharagwe, au mtambaa. Mikaratusi siipingi, ipandwe katika vilima vilivyo uchi, tupate makala bila shoka kuingia msituni. Tusiiite msitu tu.

Wanaotaka kuirudisha miti ya kienyeji hupanda mbegu mara baada ya kuanguka, chini ya paa la majani, na kuliondoa paa hilo kidogo kidogo. Wengine huenda msituni wakati wa mvua, wakachimbua baadhi ya miche iliyosongamana chini ya mama, ambayo mingi ingekufa hata hivyo. Huichukua pamoja na donge la udongo wake, kwa sababu ya ule ukungu unaolisha.