Barua ya Babu

Wenzangu wengi hudhani kwamba Kiarabu ni lugha ya chuoni tu, ya kusomwa alasiri na kusahauliwa magharibi. Nami nilikuwa miongoni mwao. Tangu utoto nilifundishwa herufi zake 28, lakini nilipoingia sekondari niliziacha, nikiona hazina faida katika mtihani.

Likizo iliyopita nilikwenda Tanga kumwamkia bibi. Baada ya kula, alitoa sandukuni barua ya marehemu babu, iliyoandikwa mwaka 1968, akaniambia, "Mjukuu wangu, macho yangu hayaoni tena. Nisomee." Kuifungua, nikaona hati za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Nikaona haya. "Bibi, mimi Kiarabu sikijui." Akajibu, "Wewe soma tu."

Basi nikaunganisha herufi polepole, kama mtoto wa chuo. Mara nikasikia kinywa changu kinasema Kiswahili! Nikasoma, "Nimebata kazi." Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Bata gani huyo? Sema nimepata!" Kumbe Kiarabu hakina herufi ya p, na babu, kama waandishi wengi wa zamani, alitumia ile ya b, akimwachia msomaji kutambua. Hati hizo ndizo zilizotuhifadhia tungo za kale, kama Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyachunguza maneno yetu. Katika kuhesabu moja mpaka kumi, sita, saba na tisa yametoka katika Kiarabu. Yaliyobaki ni ya Kibantu. Kitabu, daftari, dakika, hata neno "lugha" lenyewe, tuliyapata huko. Aljebra inayotutoa jasho darasani ilipata jina lake katika kitabu cha Al-Khwarizmi, mtaalamu aliyeishi Baghdad katika karne ya 9. Tena, tarehe 18 Desemba 1973, Umoja wa Mataifa ulikifanya Kiarabu kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi, na tarehe hiyo sasa ndiyo Siku ya Lugha ya Kiarabu Duniani. Katika Umoja wa Afrika, Kiarabu na Kiswahili zote mbili ni lugha rasmi.

Asiseme mtu kwamba nasifu cha jirani na kudharau chetu. Kiswahili ni lugha ya Kibantu, na maneno ya kuazima hayakukibadili asili yake. Lakini mwungwana hamsahau jirani aliyemfaa.

Na turudi kwenye barua. Nilipofika mistari ya mwisho, nilisikia bibi akiitamka pamoja nami, neno kwa neno. Kumbe aliijua yote kwa ghibu! Nikamwuliza, "Sasa bibi, kwa nini umenisumbua?" Akaikunja barua taratibu, akasema, "Yaliyomo nayajua. Nilitaka kujua kama nikifa atabaki wa kuisoma."

Sikuwa na la kumjibu. Siku hizi kila Ijumaa jioni narudia herufi zangu. Nanyi wenzangu, mkienda likizo, waulizeni wazee wenu kuna nini masandukuni mwao, maadamu bado wapo wa kuwacheka mnapokosea.