Nauli ya Kwenda Keroka

Basi la usiku kutoka Nairobi hupitia Narok, Bomet na Sotik kabla ya kufika Keroka. Ukishuka hapo alfajiri na nguo zako za Mombasa, baridi hukupokea kabla ya mwenyeji. Sikuwa nimewahi kufika kwa mama mdogo. Ameolewa Gesima tangu sijazaliwa, na miaka yote ni yeye aliyeteremka pwani kutuona. Safari hii nilipanda mimi. Jirani yake, tena binamu wa marehemu mumewe, alikuwa amemkata mkono kwa panga katika ugomvi wa mpaka wa shamba, na kesi ilikuwa karibu kutajwa.

Keroka ni mji wa kaunti mbili, Kisii upande mmoja na Nyamira upande wa pili, na viongozi wamevutana sana juu ya nani achukue ushuru wa soko. Gesima iko Nyamira. Kijana wa boda boda aliniuliza kama nimekuja matanga. Nikamwambia nimekuja kortini. Hakuuliza tena. Njia ilipanda na kushuka kati ya majani chai na migomba, na mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena hata ng'ombe akigeuza shingo anakula ya jirani. Pale nilianza kuelewa jinsi hatua moja ya udongo inavyoweza kumtoa mtu panga.

Nilimkuta mama mdogo jikoni, mkono wa kushoto umefungwa bandeji, anachambua mboga ya chinsaga kwa mkono uliobaki. "Umekonda, mwanangu," ndiyo salamu niliyopata. Baada ya chai akaleta bahasha ya kaki. Mlikuwa na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, risiti za dawa na fomu ya P3.

Nimeisoma ile P3 mara nyingi kuliko barua yoyote. Polisi hutoa fomu, tabibu huijaza, na mahali pamoja ndani yake tabibu hupima uzito wa jeraha. Hapo ndipo kesi inapochukua njia yake. Jeraha likiwa la kawaida, shtaka huwa dogo na kifungo hakizidi miaka 5. Likiwa kubwa, sheria inaruhusu hata kifungo cha maisha. Fomu yenyewe haiuzwi, ingawa mama mdogo aliwahi kuombwa "ya karatasi" mahali fulani ambapo sitapataja. Alitoa. Angefanyaje, mkono unavuja damu?

Nilichomletea kutoka Mombasa ni nakala ya Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa, ya mwaka 2014. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, ililiagiza Bunge litunge sheria kama hiyo. Usiku ule nilimfafanulia vipengele vyake mezani. Mwathiriwa ana haki ya kuwapo kesi inaposikizwa, na ya kupata mkalimani bila malipo asipoelewa lugha ya korti. Usalama wake ni wa kuzingatiwa mshtakiwa anapopewa dhamana. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Joseph Lendrix Waswa, iliamua kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki kupitia wakili wake mwenyewe, mradi asigeuke mwendesha mashtaka wa pili. Sisi hatukuwa na wakili, kwa hiyo hapo nilipita upesi.

Kipengele kilichomfanya aache kusinzia ni cha fidia. Korti ikimtia mtu hatiani, mwathiriwa anaweza kudai gharama za matibabu, hasara aliyopata na hata nauli.

"Nauli ya boda boda?"

"Ndiyo, mama."

"Boda boda hatoi risiti."

Kwa kweli watunga sheria hawakumfikiria mtu wa boda boda. Tukakubaliana kwamba kuanzia kesho atalipa kwa M-Pesa, na ujumbe hautafutwa.

Asubuhi tulifika Keroka mapema, tukamtafuta mwendesha mashtaka kabla hajaingia. Hakuna aliyekuwa amemwuliza mama mdogo kama analala salama. Mshtakiwa yuko nje kwa dhamana na hupita jioni mbele ya mlango wake, akitembea polepole. Mwendesha mashtaka aliyaandika hayo pembeni ya faili. Kesi ilipotajwa alisimama akayasema, karani akayageuza kwa Ekegusii ili mama mdogo afuate, na hakimu akamwagiza mshtakiwa asikanyage kile kipande cha ardhi wala asimkaribie mama hadi kesi iishe. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Imani yangu ni kwamba tusingemtafuta yule mtu mlangoni, ingetolewa tarehe tu, tukarudi nyumbani.

Nje, kaka yake mshtakiwa alitusubiri, kofia mkononi. Alimsalimu mama mdogo kwa heshima zote, akamwita omong'ina, akamjulia hali ya mkono. Halafu akasema wazee wamekaa, wanaona mambo haya ni ya ukoo, heri yamalizwe nyumbani.

Mama mdogo akanigeukia. "Mwanangu, ile bahasha." Akatoa karatasi moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye ukuta mfupi wa korti: risiti za dawa, ya bandeji, na simu yenye ujumbe wa asubuhi ile.

"Wazee wapelekee hesabu hii kwanza," akamwambia. "Na uwaambie bado sijaweka chai ambayo sijachuma."