Dramu za Nyuma



Wengi wenu mmetuuliza kwa nini Volkswagen ya zamani ya parokia, ile ndogo yenye mgongo wa duara, haikuonekana katika maandamano ya jubilei, ilhali rangi yake mpya mlikwisha kuiona. Swali ni la haki, kwani fedha zilikuwa zenu.

Gari hilo ni la mwaka 1969. Wamisionari waliotutangulia walifika nalo vigangoni, na wala halikuwa gari la mzaha: mwaka 1962 gari la aina hiyo lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Vijana wetu walipoomba kulifufua, tulikubali kwa furaha, nasi tukaanza na rangi. Mzee fundi, anayelijua gari hilo tangu ujana wake, alitushauri mapema: "Baba Paroko, tufungue kwanza magurudumu ya nyuma." Tulimjibu kwamba breki zinashika na jubilei iko karibu. Hakubishana nasi. Michango ikaenda kwenye rangi, vioo na vitambaa vya viti.

Jumapili moja tulilipanda kwenda kigango cha mlimani. Tuliliegesha likitazama juu, tukavuta hendibreki, tukaingia kuadhimisha Misa, gia hatukuweka. Baada ya baraka tulisikia mama mmoja akipiga ukelele. Gari lilikuwa linarudi nyuma lenyewe, polepole kwanza, kisha kwa kasi, hadi likagota kwenye tuta la shamba la kahawa. Mahali lilipopita ndipo watoto wa Utoto Mtakatifu walipokuwa wamekaa kivulini kabla ya kuitwa ndani kwa matoleo. Tuliwahesabu mara mbili.

Kesho yake fundi alifungua. Kwa wasiofahamu, dramu ni kama sufuria ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake viatu viwili vya breki hutanuka na kukaba ukuta wake. Kimoja kati ya hivyo viwili huvutwa na mzunguko wa dramu yenyewe, kikazidi kukaza, na gari likirudi nyuma mwenzake huishika kazi hiyo. Ndiyo maana nyaya mbili na mkono mmoja vyatosha kulizuia gari zima mlimani. Viatu vyetu, hata hivyo, vilikuwa vimelowa mafuta ya gia, yaliyovuja kupitia sili ya ekseli. Kijana mmoja alitaka kuvisafisha kwa petroli. Fundi alikataa: kiatu kilichokunywa mafuta hutupwa. Alimkataza pia kupuliza vumbi, kwa kuwa viatu vya zamani vilikuwa na asbesto, akalifuta lote kwa kitambaa chenye maji.

Ikabaki kuchagua. Msamaria mwema alijitolea kutulipia breki za diski kwa nyuma, za kisasa na zenye kung'aa. Tulizitamani, tusifiche. Fundi alitukumbusha kwamba katika kufunga breki uzito huelemea mbele, hivyo magurudumu ya mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi, na ya nyuma yakibanwa kupita kiasi huteleza. Tena diski hizo zingehitaji utaratibu wao wa hendibreki, ambao spea zake hatungezipata hapa. Tulimshukuru mfadhili wetu, tukabaki na dramu.

Dramu zipi, basi? Zetu zilikuwa zimechongwa mara nyingi mno, ukuta umekuwa mwembamba. Tukapata za mtumba, upana wake wa ndani milimita 230 kama inavyotakiwa, laini kama sahani, na bei nzuri. Fundi hakuutazama ulaini. Aliingiza kidole katikati, kwenye meno yanayokamatana na ekseli, akazirudisha mezani. Meno yalikuwa yamelika, kwa sababu mtu fulani aliwahi kuendesha huku nati ile kubwa ya milimita 36 haijakazwa sawasawa. Ukuta mzuri, alisema, na gurudumu halishikwi na kitu.

Tulikuwa tumehubiri juu ya mtu anayeketi kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara, Injili ya Luka sura ya 14, Dominika ya 23 ya Mwaka C. Tulihubiri vizuri, tukapongezwa. Sasa ilitubidi tusimame mbele ya Halmashauri ya Walei na kusema kwamba fedha zimekwisha, gari linang'aa, na halina breki. Hakuna aliyetukemea, na hilo lilituuma zaidi. Mama mmoja aliuliza tu kama vitambaa vya viti vimekwisha kushonwa. Havikuwa vimeshonwa. Mwenye duka alivipokea, akaturudishia sehemu kubwa ya fedha. Ndizo zilizonunua dramu mpya, viatu na sili zote mbili. Nyaya za hendibreki fundi alitupatia bure, nasi bado tunawiwa naye neno la kuomba radhi ambalo tumelisema nusu.

Jubilei ilipita gari likiwa juu ya matofali. Juma lililopita tulirudi nalo kigangoni, viti vikiwa vimefunikwa kwa magunia. Tulivuta hendibreki, tukaweka gia, na watoto wakaleta jiwe, wakalitia nyuma ya gurudumu bila kuambiwa na mtu.