Barua kwa Binti wa Kaka Yangu, Kolwezi

Kamatanda, Likasi

Mwanangu,

Baba yako ni yule yule, mama yako yuko Panda kwa mdogo wake. Si hayo yaliyonifanya nitafute kalamu. Dereva aliyeshusha unga hapa anasema alikuona kwenye nganda ya pombe na yule kijana wako, mchimbaji wa karieri, mbele yenu chupa mbili za bia ya Simba. Mbili. Ya kwake sikuiuliza.

Utanijibu: Shangazi, nakunywa naye ili asiende kunywa na wengine. Neno hilo nililisikia kwa mama yako. Kampuni ya migodi ya Gécamines ilipowaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000, mwaka 2003 na 2004, baba yako alikuwamo. Akapokea fedha yake, akanunua friji na redio. Mama yetu aliyemlea kwa jembe hakupata hata kitenge. Nimeshalisema, na nitalisema tena. Fedha ilipopungua akaiacha Simba, akashika lutuku, pombe kali ya kienyeji. Mama yako, mwimbaji wa kwaya, akawaza: bora anywe nyumbani nikimwona. Akawa ananunua yeye, anamimina yeye, na mumewe asijione anahukumiwa, akajimiminia kidogo. Sitakudanganya, miezi ile walicheka kuliko wakati wa mshahara. Kisha nikawakuta wanagombania tone la mwisho, nawe unaficha glasi kabla sijaketi. Shule ulikuwa hujaanza.

Ndiyo maana unajiona mjuzi wa walevi. Unazijua hatua zao mlangoni, unaijua saa ya kunyamaza. Ujuzi huo ndio uliomchagua kijana huyu. Watu hapa wanasema ni damu ya baba yako. Mimi nimetoka tumbo moja naye, nauza munkoyo tu, kinywaji cha mahindi kisicho kikali, na kwa munkoyo huo nimesomesha watoto, wewe ukiwamo.

Wachimbaji hunywa ili kuondoa woga kabla ya kushuka shimoni, najua. Wewe unashuka wapi?

Fedha usimkopeshe. Kanisa usiliache.

Na chupa hiyo ya pili, Jumapili hii usiifungue, uone mtazungumza nini. Mkikosa la kusema, panda gari urudi, chumba chako kipo. Kama ana nia, aje na mjomba wake, asubuhi, kabla nganda hazijafunguliwa.

Shangazi yako