Njia ya Kinango na Haki ya Mifugo

Atokaye Kwale kwenda Kinango kwa pikipiki huuacha nyuma msitu wa Shimba Hills na ubaridi wake, akateremka katika nchi kavu ya Waduruma, yenye vichaka vya miiba na malisho mapana. Magari huko ni machache. Mara kwa mara husikika kengele shingoni mwa ng'ombe.

Tumeipita njia hiyo mara nyingi, nayo imetufunza adabu. Ng'ombe avukapo hupitwa nyuma yake, si mbele, kwani harudi kinyumenyume kwa wepesi. Mbuzi husubiriwa: mama akishavuka, mtoto aliyebaki upande wa pili humkimbilia ghafla. Honi huwatawanya, mwendo mdogo huwatuliza. Na nyuma ya kundi huenda yupo mchungaji mdogo, ambaye fimbo yake yamzidi kimo.

Surat An-Nahl imetaja uzuri wa mifugo irejeshwapo jioni na ipelekwapo malishoni asubuhi. Nyakati hizo ndizo pia bodaboda hukimbizana na abiria. Mbuzi agongwaye huenda ndiye karo ya mtoto wa mjane, na pikipiki iangukayo huenda imembeba mama na mwanawe.

Basi, mama zetu na dada zetu, mlionapo kundi mbele, mwambieni dereva apunguze mwendo, wala msione haya. Likisha kuvuka, mpeni mchungaji salamu, kisha mwendelee na safari yenu kwa amani.