Wosia kwa Wanaoanza Kuandika Programu

Wanangu wapendwa,

Mwisho wa mwezi huu nastaafu, nanyi ndio kwanza mnaandika skripti zenu za mwanzo. Karibu nyote mmeanza na ile ile: inamuuliza mtu jina la folda, kisha inamwonyesha faili zilizomo. Mnaiona kazi ndogo. Mimi nauandika wosia wangu juu yake, maana tabia mtakayoishika hapo ndiyo mtakayokwenda nayo kwenye mifumo ya benki na hospitali.

Neno analoandika mtumiaji lipokeeni kama neno. Lisigeuke amri.

Chukueni folda iitwayo Picha za Harusi. Kwenye Bash, ukiandika ls $folda bila alama za kunukuu, sheli hulikata jina penye nafasi na kutafuta vitu vitatu: Picha, za, Harusi. Majina yetu hayakosi "za" na "ya" katikati, kwa hiyo kosa hili litawafikia mapema. Andikeni ls -- "$folda". Vile vistari viwili hulilinda jina linaloanza na kistari. Na mtu akibonyeza Enter bila kuandika kitu? Pasipo alama za kunukuu, ls itaorodhesha folda mliyomo, naye ataliamini jibu ambalo silo. Kwenye amri ya kufuta, hayo ni maafa: Januari 2015 iligundulika kuwa skripti ya Steam, programu ya michezo, kwenye Linux, jina la folda likiwa tupu, hufuta kuanzia mzizi wa mfumo. Watu walipoteza faili zao.

Mnaotumia Python, os.system("ls " + folda) iacheni kabisa. Mtu akiandika nukta, nuktamkato, kisha rm -r Nyaraka, sheli itaorodhesha halafu itafuta. os.listdir(folda) haipiti kwenye sheli. Kwake maandishi yote hayo ni jina tu la folda isiyokuwepo. Jihadharini pia na mafunzo ya Python 2, iliyoachwa rasmi 1 Januari 2020. input() ya kule ilitekeleza alichoandika mtu kana kwamba ni msimbo.

Wengine mnaorodhesha herufi za kupiga marufuku. Sikubaliani nanyi hata kidogo. Linux hukataza katika jina la faili mkwaju na baiti ya sifuri tu. Ukikataza ritifaa, mfugaji hataifungua folda yake ya Ng'ombe, na hana kosa.

Hata aliyekosea anastahili jibu. FileNotFoundError, NotADirectoryError na PermissionError ni mambo matatu tofauti. Mwambieni ni lipi, tena kwa Kiswahili, na mrudishieni jina aliloandika. Akisoma "Hakuna folda iitwayo Nyraka", ataiona mwenyewe herufi aliyoiruka. Akiandika ~/Nyaraka hajakosea, ila os.listdir haiijui alama hiyo. Pitisheni kwanza kwenye os.path.expanduser.

Mkimaliza, mpeni skripti mtu asiyejua programu. Msimwelekeze. Kaeni kando mtazame anachoandika, na kila kitakachoivunja mkirekebishe siku hiyo hiyo.