Kurasini: Mahali Nchi Zinapojifunza Kusemezana

Ndugu msomaji, ukishika Barabara ya Kilwa kutoka katikati ya jiji la Dar es Salaam kuelekea kusini, kwanza utakutana na bandari. Utayaona malori yaliyopanga foleni, makontena yaliyopandana kama vyumba visivyo na madirisha, na winchi zinazonyanyua shehena za Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Wapitao njia hiyo kwenda Mbagala aghalabu huihesabu Kurasini kuwa mtaa wa maghala na vumbi. Lakini katika mtaa huohuo kipo chuo kinachowafundisha watu namna nchi moja inavyosema na nyingine. Wenyeji hukiita Chuo cha Diplomasia.

Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1978 na nchi mbili kwa pamoja, Tanzania na Msumbiji. Msumbiji ilikuwa imejipatia uhuru tarehe 25 Juni, 1975, na Mreno hakuwa amewaandaa wananchi wake kwa kazi ya ubalozi. Kurasini haikuwa ngeni kwao. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni, 1962, na Taasisi ya Msumbiji, iliyowasomesha vijana waliokimbia utawala wa Kireno, ilikuwa papa hapa Kurasini. Rais wa kwanza wa chama hicho, Dkt. Eduardo Mondlane, aliyewahi kufanya kazi Umoja wa Mataifa na kufundisha chuo kikuu Marekani, aliuawa jijini humu kwa bomu lililofichwa katika kifurushi, tarehe 3 Februari, 1969. Aidha, ujirani huo ni wa kale. Kilwa, ambayo barabara hii imechukua jina lake, ilistawi kwa dhahabu iliyopitia Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo.

Pengine utauliza: mtu aliyekwisha pata shahada ya kwanza hurudi darasani kutafuta nini katika fani hii? Wengi hudhani ni kufundishwa kushika bilauri na kuvaa suti. La hasha. Hizo ni adabu za meza, nazo zina mahali pake. Msingi ni sheria. Mwanafunzi hana budi kuufahamu Mkataba wa Vienna wa tarehe 18 Aprili, 1961, ambao ni hirimu ya Tanganyika, iliyopata uhuru Desemba ya mwaka huohuo. Mkataba huo wasema kuwa nyumba ya ubalozi haiingiwi na askari wa nchi mwenyeji bila idhini ya mkuu wa ubalozi. Ni kama kwa jirani: hata kama kiwanja kimo mtaani mwako, hodi hupigwa. Wasema pia kuwa mwenyeji aweza kumkataa mwanadiplomasia wakati wowote bila kutoa sababu. Mgeni ana heshima yake, na mwenye mji ana mlango wake.

Baada ya sheria huja somo gumu zaidi, nalo ni bei ya msimamo. Tarehe 11 Novemba, 1965, Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi Rhodesia. Mwezi uliofuata Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Fedha hizo zingeweza kujenga barabara na shule. Je, ilikuwa haki kuwanyima wananchi maskini faida hiyo kwa ajili ya jirani aliyeonewa? Na kama tungenyamaza, nani angetuamini tuliposema juu ya Msumbiji na Afrika Kusini? Swali la namna hii halijibiwi kwa kukariri. Hupimwa, na kila upande una uzito wake.

Chuo hiki sasa kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, na maisha yake yenyewe ni somo. Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 22, alikwenda Misri kuwa balozi. Mwaka 1970 akaanza kuiwakilisha Tanzania Umoja wa Mataifa, na alikuwamo ukumbini tarehe 25 Oktoba, 1971, China ilipopewa kiti chake kwa kura 76 dhidi ya 35. Hata hivyo, akiwa balozi mwenye sifa zote hizo, aliingia darasani katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akapata shahada ya uzamili ya mambo ya kimataifa mwaka 1975. Mwaka 1981 aliwania ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ikamzuia kwa kura ya turufu. Elimu haiondoi nguvu za wakubwa. Humwezesha mdogo kujua zinapokaa na pa kupitia. Mwaka 1989 alichaguliwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, akautumikia hadi mwaka 2001.

Ndugu mzazi, yafaa ujue pia ukweli mwingine. Mabalozi huteuliwa na Rais, na nafasi zao ni chache. Wengi wa wanaohitimu hawatapeperusha bendera katika gari. Lakini tazama tena bandari ile. Kila kontena liendalo Lubumbashi au Kigali hupita juu ya makubaliano yaliyoandikwa na watu, na kifungu kilichosomwa kwa haraka huweza kuligharimu taifa kwa miaka mingi. Wanahitajika wasomaji makini wizarani, bandarini, forodhani na katika jumuiya za kikanda.

Basi mwanao akikueleza kuwa anataka kusoma diplomasia, usimwulize kwanza atapelekwa nchi gani. Mwulize ni mkataba gani amekwisha usoma hadi mwisho, na ni nani aliyelipa gharama yake.